Kamera ya Mzee na Kwera wa Uani

Mvua ya Aprili haina simile katika mji wa Entebbe. Huja kutoka ziwani asubuhi, ikapiga mabati hata watu wa nyumba moja wasisikilizane. Siku kama hizo sajini mmoja mstaafu wa polisi huketi baraza ya nyuma, kamera mapajani, akiwangojea ndege wa uani. Majirani humcheka. Kwao, ndege astahiliye picha ni korongo mwenye taji, aliye katika bendera ya taifa tangu 1962. Kwera na shorewanda wa nyuma ya jiko ni nani, hata mtu mzima alowe kwa ajili yao?

Majirani hao hawakumjua alipokuwa kazini. Kwa miaka mingi mzee huyu alikuwa mpigapicha wa polisi. Magari yaliyopinduka, milango iliyovunjwa, watu waliokufa vibaya: hayo ndiyo aliyoyaona kupitia lenzi. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila moja ilitolewa hesabu. Mkewe hakukubali kamera ile ielekezwe kwa watoto. "Jicho lililozoea maiti lisiwatazame wanangu," alisema. Basi watoto wale wakakua bila picha hata moja iliyopigwa na baba yao. Wake wa askari wataelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Alipostaafu, binti yao alimletea kamera ya kidijitali. Mama aliipokea kwa uso mzito, akaiweka juu ya kabati. Mzee aliishusha msimu wa mvua.

Mwanga wa mawingu ni hafifu, lakini una wema wake: hauna vivuli vikali, na rangi ya manjano ya kwera haipauki kama ipaukavyo juani. Mzee huifunika kamera kwa mfuko wa nailoni uliotobolewa mbele, akaegemeza viwiko magotini ili mikono isitikisike. Kamera ikifumba jicho polepole, matone hutokea kama nyuzi. Ikifumba upesi, hutokea kama shanga. Hayo aliyajua zamani. Asilolijua ni kungojea. Maiti hangojewi.

Kwera wamejenga katika mianzi iliyo nyuma ya jiko. Dume, mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, huuma ukingo wa jani la mgomba kisha huruka, na ukanda mrefu ukachanika nyuma yake. Huufuma kwa mdomo, pindo juu ya pindo, hata kiota kikaning'inia, mlango wake ukielekea chini, mvua isiingie. Kisha huning'inia mlangoni akipiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, hukagua. Asiporidhika huondoka, na kiota kikikauka bila kukubaliwa, dume hukibomoa mwenyewe, aanze kingine kwa majani mabichi.

Mama alikuwa akiyaona hayo kutoka jikoni kila siku, bila kusema neno. Asubuhi moja, mvua ikiwa imeshika kasi, dume mmoja alianza kuking'oa kiota chake kikavu. Mama akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba watoto! Njoo upesi na hiyo kamera. Maskini, anavunja nyumba yake!"

Mzee hakuamini masikio yake. Alikwenda bila viatu. Mfuko wa nailoni aliusahau barazani, naye mama, alipoona matone yakiangukia lenzi, akachukua mwavuli akamkinga, akisimama nyuma yake kwa muda wote ule, huku maharagwe yakiungua jikoni.

Picha zilikuwa nyingi. Katika zile zilizotulia, ndege alikuwa ameshageuka. Mama alichagua moja ambayo bawa lake limekuwa kama moshi na ukanda wa jani unaanguka. Mzee alisema hiyo imeharibika. Mama akasema ndiyo aitakayo, akaituma kusafishwa mjini. Sasa imetundikwa sebuleni, juu ya redio. Wiki iliyofuata aliwaita wajukuu, akawapanga barazani kwa urefu wao, akamwambia mzee akae tayari.