Soksi za Kitindamimba

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Huku kwetu Kinangop baridi ya Agosti si mchezo, kwa hivyo likizoni niliamua kumfumia mdogo wangu wa miezi saba soksi za sufu. Nilijiona fundi kweli kweli!

Siku ya kwanza alizivua kwa mateke. Nikatia mpira juu ya kifundo. Jioni akalia, akakataa kunyamaza.

"Hebu mvue hizo soksi!" Nyanya akafoka.

Lo! Mpira ulikuwa umeacha alama nyekundu, na uzi niliouacha ukining'inia ndani ulikuwa umemkaba kidole hadi kikavimba. Nyanya aliukata polepole. Machozi yalinitoka.

"Mjukuu wangu, mtoto hawezi kusema panapomuuma. Pindua soksi uitazame ndani kabla hujamvisha."

Nilizifumua, nikaanza upya. Shingo nikaifanya ndefu, mishono miwili ya kawaida, miwili ya kinyume, ivutike bila mpira. Nikaacha nafasi mbele ya vidole, na ncha za nyuzi nikazishonea nje. Akianza kusimama atatembea peku nyumbani, maana sufu huteleza kwenye saruji.

Wasomaji wenzangu, uzuri wa soksi ya mtoto uko ndani.