Kompyuta ya Chama Chetu

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo kijijini kwetu. Hesabu za wanachama tunaziweka katika kompyuta moja kuukuu.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Bila programu hiyo, haifanyi kazi yo yote. Yetu iliendeshwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba, 2025, matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma. Programu isiyotengenezwa ni kama zizi lenye tundu. Windows 11 haikuweza kukaa katika kompyuta yetu kwa sababu ya uzee wake. Kununua kompyuta mpya kungekula akiba ya wanachama.

Fundi mmoja alitueleza habari za Linux. Programu hii ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini. Hupatikana bure.

Kwanza nilinakili hesabu zote katika flashi. Nikazichapa pia kwenye karatasi. Ndipo fundi akaweka Linux.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Kila kitu kilikuwa mahali pageni. Badala ya Excel nilitumia LibreOffice. Ilifungua hesabu zetu za zamani. Nikazilinganisha na karatasi, jina kwa jina.

Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, akiba yangu bado imo?"

"Imo, mama. Tazama jina lako hili."

Hakuna shilingi iliyopotea.

Ndugu msomaji, anayehama nyumba hutoa mali kwanza. Nakili, hakikisha, ndipo ubadilishe.