TWENDE MAKTABA: MAKAMBAKO NA NJOMBE

Je, umewahi kufika Makambako? Ukitoka Iringa kwenda Mbeya, lazima upite hapo. Barabara inagawanyika. Moja inaendelea Mbeya. Nyingine inashika kushoto kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 kwa msaada wa China, nayo inapita hapo. Huu ni mji wa wasafiri na wafanyabiashara.

Toka Makambako mpaka Njombe ni kilomita 60 hivi. Vaa sweta. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Njiani utaona mashamba ya viazi na mahindi, misitu ya kupandwa, na siku hizi miparachichi mingi. Ukisalimiwa "Kamwene", nawe itikia "Kamwene". Karibu na mji mto Ruhuji unaporomoka kwenye miamba. Simama kidogo uutazame.

Lakini leo hatuendi sokoni. Tunatafuta maktaba.

Maktaba ya umma si ya wanafunzi peke yao. Ni yako pia, wewe mkulima. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba ina kazi ya kupeleka huduma hiyo mikoani na wilayani. Zamani maktaba ilikuwa vitabu na magazeti tu. Sasa maktaba nyingine zina kompyuta na intaneti pia, na pale zinapotolewa bure, faida yake ni kubwa.

Kwa nini? Tazama mambo yenyewe. Matokeo ya mtihani wa mtoto wako yanatangazwa kwenye intaneti. Mkopo wa chuo unaombwa huko huko. Cheti cha kuzaliwa nacho kinaweza kuombwa huko. Asiyejua kompyuta hupeleka shida hizi dukani. Analipa fedha, kisha anamwachia kijana wa duka neno lake la siri. Kijana akihama mji, mzazi anabaki anahangaika, na siku ya mwisho ya maombi inapita. Mtoto anakosa mkopo. Hilo si jambo dogo.

Nenda maktaba. Keti. Mwombe mkutubi akuonyeshe kushika kipanya na kuandika jina lako. Usione haya. Uliyejifunza kusoma ukubwani, kompyuta haiwezi kukushinda.

Je, viazi vyako vinanyauka shambani? Kwenye kompyuta utaona picha za ugonjwa. Lakini usiishie hapo. Muuzaji wa dawa husifu dawa yake, na kwenye intaneti waongo ni wengi. Nenda kwenye rafu, utafute kitabu cha kilimo, ulinganishe. Kisha muulize bwana shamba. Tafuta pia bei ya viazi mijini kabla mnunuzi hajafika na gunia la lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini mkulima asiyejua bei hukubali lolote.

Basi ukifika Makambako au Njombe, ulizia maktaba ya umma. Ukiingia, uliza mambo matatu: inafunguliwa saa ngapi, kuna kompyuta za wananchi, na je, kuna ada? Chukua daftari na kalamu. Namba ya mtihani ya mtoto wako iandike kabla ya kutoka nyumbani. Neno lako la siri lichague mwenyewe, wala usimtajie mtu. Ukimaliza, funga akaunti yako kabla hujainuka, maana mwenzako anasubiri kiti hicho hicho.