Vitone Kwenye Ramani

Ninaishi Victoria, katika kisiwa cha Vancouver huko Kanada, na mji huu husukumwa kuelekea mashariki milimita chache kila mwaka. Halafu, kila baada ya miezi 14 hivi, unageuza. Kwa wiki mbili au zaidi unarudi magharibi, kama milimita 5, kisha unaendelea na safari yake ya awali. Hakuna anayehisi. Nishati inayotoka katika wiki hizo ni ya tetemeko la ukubwa wa 6 na zaidi, lakini hata kikombe hakigongi kingine kabatini. Herb Dragert na wenzake waliugundua mtelezo huu kwenye vipimo vya GPS vya mwaka 1999.

Kilichonishika mimi ni maji. Bamba la Juan de Fuca linazama chini ya Amerika ya Kaskazini, na limebeba maji ya bahari. Si maji ya kutiririka. Yamefungwa ndani ya madini ya mwamba wenyewe. Likifika kilomita 30 au 40 chini, joto na mgandamizo huyakamua. Yakikosa pa kutokea, yanausukuma mwamba wa juu kama mvuke unavyonyanyua mfuniko wa sufuria ya wali. Msuguano unapungua mno, kiasi kwamba hata kupwa na kujaa kwa bahari huongeza au kupunguza mitetemo midogo ya huko chini.

“Si afadhali basi,” mama aliniambia kwenye simu, “inajipunguza yenyewe.”

Kule chini, ndiyo. Ila upande wa baharini, sehemu ya juu ya mpaka huo imekwama tangu usiku wa tarehe 26 Januari 1700, na kila mtelezo wa chini huiongezea mzigo. Mama yuko Dar es Salaam. Anakumbuka Desemba 2004, mawimbi ya tetemeko la Sumatra yalipovuka bahari nzima na kuua watu hadi kwetu, kwa hiyo sikumdanganya. Nilimwambia kwamba Mexico, mwaka 2014, tetemeko la 7.3 la Papanoa lilitokea wakati mtelezo wa polepole ukiendelea. Nikamwambia pia kwamba hapa mitelezo mingi imepita bila lolote. Hatari hupanda kidogo, basi. Hicho “kidogo” ndicho kigumu kumweleza mtu aliye mbali, na magazeti yanayokipigia tarumbeta hayamsaidii.

Mtelezo ukianza, mitetemo huonekana kwenye ramani ya mtandaoni kama vitone, vikisogea kilomita kama 10 kwa siku. Siku hizo hubadilisha maji ya akiba yaliyo chini ya kitanda. Mama naye amejifunza kuifungua ramani hiyo kwenye simu yake.

“Leo vimefika wapi?” huniuliza, kabla hata ya salamu.