Kutoka Ziwa Magadi hadi karai la nguo

KABLA hujamaliza kufua hii leo, hebu chota sabuni ya unga kiganjani uitazame vizuri. Usiitie maji kwanza. Utaona kwamba jina la unga imepewa tu. Ni chembechembe, kila moja imejitenga na mwenzake kama punje za wimbi, nazo humwagika kutoka pakitini bila ya kuhimizwa. Yamkini hujawahi kujiuliza ni kwa nini. Mimi pia sikuwahi kujiuliza, mpaka sabuni ya dada yangu ilipogeuka jiwe.

Dada yangu mkubwa anaishi Ong'ata Rongai. Yeye na wenzake saba wa chama walichanga pesa wakanunua magunia ya ule unga mweupe uitwao soda ashi, pamoja na mitungi ya tindikali ya sulfoniki, ambayo ni kioevu kizito cha rangi ya kahawia kinachoipa sabuni povu. Wakachanganya katika pipa, wakatia manukato, wakafunga pakiti na kuzisambaza madukani. Hiyo ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua ya masika imepamba moto. Haikupita wiki mbili kabla ya kurudishiwa kilo 60. Mwenye duka mmoja aliichukua pakiti, akaigonga juu ya meza, ko! ko! ko!, kisha akauliza, "Mama, hii ni sabuni au ni tofali?"

Pesa za chama zilikuwa zimelala ndani ya matofali hayo, na ada za shule za muhula uliofuata zilikuwa zikizitegemea. Dada akaniambia, "Wewe kazi yako ni kusafiri na kuandika. Basi nipeleke nikaone magadi yanatoka wapi, kisha unitafutie kiwanda nikaone wenzangu hufanya nini ambacho mimi sikufanya."

Tukafunga safari.

BARABARA YA KUTEREMKA

Kutoka Nairobi hadi mji wa Magadi ni kama kilomita 120. Unapita Rongai na Kiserian, unapanda bega la Milima ya Ngong hadi Corner Baridi, mahali ambapo upepo hukuonyesha mara moja kwamba jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Papo hapo Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Tangu hapo ni kuteremka tu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Sweta ulilolivaa asubuhi utalivua njiani, na ukifika chini utatamani kuvua na viatu.

Tulipumzika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita bado yametapakaa pale pale ardhini, nawe unayatazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Ikiwa una watoto wanaosoma historia, wapeleke.

Tulipokuwa tukirudi garini, wingu lisilo na adabu lilitumwagia matone machache kisha likaenda zake. Kila tone lilipoanguka kwenye vumbi lilijiviringisha likawa kijidonge kidogo. Dada alikanyaga vijidonge hivyo bila ya kuvijali. Naomba, msomaji, uvikumbuke. Tutavirudia.

ZIWA UNALOWEZA KULIPONDA

Ukiliona Ziwa Magadi kwa mara ya kwanza utadhani mtu amemwaga maziwa bondeni kisha akatia tone la rangi ya waridi. Weupe ule ni magadi yaliyoganda, na uwaridi ni wa viumbe wadogo mno wapendao maji ya chumvi. Chemchemi za maji moto hububujika kandokando ya ziwa zikileta chumvichumvi kutoka ardhini. Ziwa halina mto wa kutokea. Jua huyachukua maji na kuacha magadi, mwaka baada ya mwaka, hata yakawa tabaka nene lenye kina cha mita nyingi.

Ndiyo magadi yale yale ambayo mama huyatia kidogo katika sufuria ya maharagwe ili yaive upesi, na ambayo wazee huyachanganya na ugoro.

Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka wa 1911, na reli kutoka Konza ikafika ziwani mwaka wa 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto. Tangu 2005 kampuni hiyo imekuwa chini ya Tata ya India. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Chombo kinachoelea huyavunja na kuyaponda magadi ziwani, kisha magadi hayo husukumwa pamoja na maji ndani ya bomba hadi kiwandani. Huko huoshwa, halafu huchomwa katika joo kali. Joto hufukuza maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni soda ashi. Nyingi huenda kutengeneza vioo na chupa. Sehemu nyingine huishia katika sabuni, ukiwemo ule mzigo wa dada yangu.

Upande wa kusini wa ziwa tulipata mzee wa Kimaasai akatuongoza hadi kwenye chemchemi. Usiende huko bila ya mwenyeji, kwa maana ganda la magadi laweza kukuonyesha ugumu juu na kukumeza miguu chini. Katika maji yenye joto na ukali ambao ungeua samaki wengine, tuliwaona perege wadogo kama kidole wakicheza. Heroe nao walikuwa wamesimama kwa mbali kwa mguu mmoja mmoja.

Dada akasema, "Mzee, nyinyi mna bahati. Sabuni yote imelala hapa."

Mzee akatazama ziwa kwa muda. "Ni kweli, mama. Magadi ya kufulia yako hapa. Maji ya kufulia tunayafuata mbali."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwachia mtungi mmoja wa maji tuliyokuwa tumeyabeba, tukapanda gari.

DARASA LA FUNDI

Wiki iliyofuata tulibisha hodi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi. Fundi aliyetupokea alitupa barakoa, miwani na glavu kabla ya kutupa neno lolote. Vumbi la soda ashi huwasha macho na kifua, na tindikali ile huchoma ngozi, hivyo hakutaka mchezo.

Alitueleza kwamba kuna njia mbili kubwa za kutengeneza sabuni ya namna hii. Ya kwanza ni ya mnara mrefu. Uji mzito wa sabuni hunyunyizwa kutoka juu, hewa moto ikipanda kutoka chini, na matone hukauka yakiwa bado hewani. Chembe zake huwa nyepesi, zina uwazi ndani. Njia hii hula joto jingi na mnara wenyewe ni mali ya matajiri.

Njia ya pili ndiyo waliyoitumia wao: unga na kioevu kukutanishwa moja kwa moja ndani ya mashine. Tuliona pipa la chuma lililolala ubavu, na ndani yake mhimili unaozunguka wenye vyuma mfano wa majembe ya plau. Majembe yalirusha unga wa soda ashi juu, nayo tindikali ilikuwa ikinyunyizwa kidogo kidogo kwa midomo midogo. Soda na tindikali zikikutana hupambana. Gesi hutoka, joto hupanda, na kiini cha sabuni huzaliwa hapo hapo kikiwa na unato kama gundi. Gundi hiyo huzishika chembe za unga na kuziunganisha.

"Mmewahi kuona mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi?" fundi akauliza.

Mimi na dada tukatazamana.

"Basi ndiyo kazi yetu. Kioevu kikipungua, mnabaki na vumbi la kupigisha chafya. Kikizidi, mnapata ugali. Siri iko kati ya vumbi na ugali."

Kutoka hapo chembe zilipita juu ya bamba lenye matundu mengi, hewa ikivuma kutoka chini. Zilikuwa zikirukaruka na kububujika kama maji yanayochemka, ingawa zilikuwa kavu. Hewa hiyo huzikausha kisha huzipoza. Halafu zikaingia katika chekecheke. Zilizozidi ukubwa zilirudi kusagwa, na vumbi likarudi mwanzoni kuanza safari upya. Hakuna kilichotupwa. Mwishowe zilipakwa unga laini sana wa zeolaiti, kama vile mpishi anavyonyunyizia unga juu ya chapati mbichi ili zisigandane. Manukato na vimeng'enya vya kuondoa madoa huja mwisho kabisa, chembe zikiwa zimepoa, kwa maana joto huviharibu.

Ndipo fundi akamgeukia dada.

"Mama, ile tindikali uliinyunyiza ama uliimwaga?"

"Niliimwaga, fundi. Kwa kikombe."

"Na ukafunga pakiti lini?"

"Jioni ile ile."

"Ikiwa baridi?"

Dada akasita. "Ilikuwa vuguvugu."

Fundi akacheka, lakini si kwa dharau. "Basi uliifunga ikiwa bado inatoka jasho. Jasho halikuwa na pa kwenda. Liliyeyusha kidogo ngozi ya kila chembe, na lilipokauka likaacha daraja kati ya chembe na chembe. Ongeza unyevu wa masika na uzito wa pakiti zilizorundikwa, ukapata tofali."

JARIBIO LA FANELI

Kabla hatujaondoka alitufunza jaribio ambalo hata wewe, msomaji, waweza kulifanya nyumbani pamoja na watoto. Kunja karatasi iwe faneli, mwagia sabuni juu ya meza polepole, kisha tazama kichuguu kinachofanyika. Sabuni inayotiririka vizuri hutambaa na kufanya kichuguu kipana cha mteremko mdogo. Iliyoanza kushika unyevu hujenga kilele chembamba kilichosimama wima. Fanya vivyo hivyo na pakiti iliyosahauliwa wazi bafuni na utajionea.

Kwa wale wanaotaka kujaribu biashara hii, nawaambia nilichokiona. Tindikali huendea unga polepole, wala si unga kuzamishwa katika tindikali. Vifaa vya kujikinga vaa kila mara, na watoto wakae mbali. Sabuni ipoe usiku kucha ikiwa imetandazwa, ichekechwe, ndipo ifungwe katika mfuko usiopitisha hewa. Na kabla ya kuuza, nendeni KEBS mkaombe alama ya ubora, kwa kuwa sabuni isiyo na alama hiyo ni mashaka matupu kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Dada alirudi Rongai na kinyunyizio cha bustani, chekecheke na turubai. Mzigo wa kwanza ulitoka mchanga mchanga. Wa pili ulitoka na mabonge, akayasaga na kuyarudisha. Wa tatu aliumwaga kwa faneli mbele ya wanachama wote saba, na kichuguu kikatambaa juu ya meza hadi kikombe cha chai kikalazimika kuondolewa.

Deni la chama halijaisha. Lakini yule mwenye duka wa tofali amekubali kuchukua pakiti mbili tu, bila ya kulipa. Ameziweka kwenye rafu ya juu, karibu na paa linalovuja, na kusema atazigonga mvua za vuli zikisha. Dada amezitia alama tarehe hiyo kwenye kalenda yake.

Nawe ukisafiri kwenda Magadi, jaza tangi la mafuta, ondoka alfajiri kabla jua halijakuwa kali, na beba maji mengi kuliko unavyofikiri utayahitaji. Utakayobaki nayo utapata wa kumpa.