Namba 37 iliyobanduka

Najua nimeadimika. Nilikuwa Longisa, upande ule wa Bomet unaoelekea Narok, nikihangaika na kosa la programu ambalo kumbe halikuwa kwenye programu.

Kuna kikundi cha wafugaji pale nilichokiandikia programu ndogo ya kuhesabu maziwa. Kila mfugaji ana mtungi wake wa plastiki wenye namba. (Ndiyo, najua Bodi ya Maziwa ya Kenya inahimiza aluminiamu. Muulizeni mkulima bei yake kwanza.) Asubuhi karani anapima, anabonyeza namba na kilo kwenye simu, na mwisho wa mwezi kila mtu anapata hesabu yake. Stika za namba nilichapisha mwenyewe, na nilijivuna kweli.

Mwezi wa pili, mama mwenye namba 37 akaja na daftari lake la mkono. Programu ilimpa kilo 61, daftari likasema 179. "Kijana wangu," akaniambia, "hii mashine yako imekunywa maziwa yangu, na mtoto anarudi shule Jumatatu." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba huenda alikosea kuandika.

Nilikaa siku mbili nikisoma msimbo mstari kwa mstari. Hamna kitu. Siku ya tatu nikaenda kituoni alfajiri, nikaona mtungi wa mama umebandikwa 73, na wa jirani yake, mwenye ng'ombe mmoja aliyekaribia kukauka, umebandikwa 37. Stika zote mbili zilianguka siku moja wakati wa kuosha, na kijana wa kubeba mitungi akazirudisha kwa nia njema kabisa. Malipo hayakuwa yametoka, kwa hiyo nilirekebisha siku hiyohiyo, na jirani hakubisha. Alikuwa ameanza kumshangaa ng'ombe wake.

Sasa, kwa nini zilianguka? Geuza mtungi wako uangalie chini. Ukiona pembetatu yenye 2, hiyo ni poliethilini nzito. 5 ni polipropilini. Zote mbili hazipendi kushikwa. Gundi au rangi hushika pale inapotandaa na kuukumbatia uso, na plastiki hizi zina nguvu ndogo sana ya uso: poliethilini ni kama daini 31 kwa sentimita, wakati maji yana mvutano wa daini 72. Ndiyo maana maji hujikunja vitone juu ya mtungi badala ya kulowesha. Wachapaji hutaka uso ufike daini 38 hivi ndipo wino ukae.

Nilijaribu yote ambayo nanyi mngejaribu. Msasa ulisaidia siku chache. Gundi kali ile ya matone ilibanduka nzima kama gamba. Kalamu ya wino usiofutika ilifutika. Mzee mmoja akasema, "Ng'ombe tunawachoma alama, kwa nini si mtungi?" Tukapasha waya, tukachoma namba moja, mtungi ukavuja. Kuna praima ya plastiki wanayotumia mafundi wa kupaka rangi bampa za magari, nayo hufanya kazi, ila sikutaka kemikali hiyo karibu na maziwa.

Kilichofaulu ni moto. Viwandani chupa za plastiki hupitishwa kwenye moto kabla ya kuchapwa maandishi, kwa sababu moto wenye hewa ya kutosha hupachika oksijeni kwenye ngozi ya juu kabisa ya plastiki, na hapo gundi hupata pa kushika. Mimi nilitumia kichomeo cha gesi. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti nje tu, subiri ikauke kabisa. Kisha pitisha ncha ya mwali wa bluu haraka, kama unayepiga pasi hariri. Ukisimama mahali pamoja umeyeyusha. Mwagia maji: yakijikunja vitone, rudia; yakitandaa, umefika. Kausha bila kugusa kwa vidole, bandika papo hapo, kwani faida hiyo hupungua kadiri muda unavyopita. Fanyia nje, mtungi ukiwa mtupu, na kamwe usiguse uliowahi kubeba petroli.

Tulifanya mitungi 84. Miezi minne imepita na ni stika mbili tu zimeinuka kona, zote mbili nilizozifanya jioni kwa haraka bila kumwaga maji kwanza. Kwenye programu nimeongeza jina la mfugaji lijitokeze kabla karani hajabonyeza sawa, jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Mama wa 37 nilimwendea nyumbani kumwomba radhi. Akanipa chai, akacheka, kisha akaniomba nimletee daftari jipya maana lile limejaa.