Asubuhi ya Shabaha Iringa

Msafiri aendaye Iringa kutoka Dar es Salaam huanza kupata habari za mji huo kwa masikio. Basi likishaanza kuzipanda kona za Kitonga masikio huziba, na yanapozibuka mtu hujikuta yumo katika nchi nyingine: upepo mkavu, vitunguu na nyanya za Ilula kando ya barabara, na baridi ambayo mkazi wa pwani huiona kama adhabu. Niliteremka stendi ya Igumbilo katikati ya mwezi wa Julai, wakati ambapo wenyeji hutembea mikono ikiwa ndani ya makoti.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Kamwene! Koti lako liko wapi?”

Sikuwa na koti. Nilikuwa nimekwenda kumsindikiza mjomba wangu kwenye mtihani wa kulenga shabaha kwa bastola, na akili yangu yote ilikuwa huko.

Ndugu msomaji, mjomba wangu si mtu wa vita. Ni mfanyabiashara wa mahindi, ana miaka sitini na zaidi, na kila msimu wa mavuno huenda Ismani kununua gunia kwa gunia. Siku hizi fedha nyingi husafiri kwa simu, lakini wako bado wakulima ambao hawaamini kuwa wameuza mpaka wahesabu noti kwa vidole vyao. Kwa hiyo mjomba hubeba mkoba. Mwaka juzi, jioni moja, vijana wawili wenye mapanga walimsimamisha njiani na kuuchukua mkoba huo. Hawakumjeruhi. Alisimama pale akiwatazama wakikimbia katika mabua makavu, na nadhani kule kusimama ndiko kulikomuumiza kuliko kupotea kwa fedha. Tangu siku hiyo aliazimia kumiliki bastola.

Azma ni jambo moja, kibali ni jambo jingine. Alianzia serikali ya mtaa wake, wajumbe wakamhoji kana kwamba hawakumjua, kisha akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haitosheki na mtu kuwa na tabia njema na fedha za kununulia. Yampasa pia awe na cheti cha umahiri. Maana yake ni kwamba raia hana budi kuonyesha kwamba silaha hiyo anaijua. Mjomba aliliona sharti hilo kuwa dogo kuliko yote. “Kulenga?” aliniambia. “Mimi nimekulia Ismani nikiwapopoa ngedere kwa manati!”

Usiku ule, huku tukiota moto wa mkaa, mazungumzo yaligeukia bunduki, na nikatambua kuwa ni mikoa michache ambayo historia yake imefungamana na bunduki kama huu. Jina lenyewe Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Basi langu lilikuwa limepita karibu na Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mtwa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kikosi kile kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini kilikuwa safarini, kimejipanga mstari mrefu, na mizinga ilikuwa mizigo tu juu ya punda. Wahehe walitoka majanini na mikuki. Wengi wa wale askari hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili, na Zelewski mwenyewe aliuawa. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile. Walichukua mamia ya bunduki, wakazipeleka Kalenga. Lakini Oktoba 1894, Wajerumani waliporudi kulipa kisasi, bunduki hizo hazikuiokoa ngome.

Mjomba anayajua yote haya kama anavyojua bei za mahindi. Akaongeza hili, kwa sauti ya chini: siku ya Krismasi ya mwaka 1971 alikuwa mtoto wa miaka tisa huko huko Ismani, na aliwaona watu wazima wakikusanyika vikundi vikundi wakinong’ona. Siku hiyo Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa, aliuawa kwa bunduki shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi, baada ya ugomvi uliotokana na siasa ya vijiji vya ujamaa. Mkulima yule aliupakia mwili katika gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi mjini, akajisalimisha. Baadaye alihukumiwa kunyongwa. Chuo cha Ualimu Kleruu kilichopo mjini Iringa chalihifadhi jina la marehemu.

“Ugomvi wa dakika chache,” mjomba alisema, akauchokoa mkaa. Mke wake, ambaye hakuwa amesema neno tangu tulipoanza, aliuliza: “Na hiyo yako utaiweka wapi, wajukuu wakija likizo?” Mjomba akasema ni usiku, tulale.

Uwanja wenyewe uko nje ya mji, chini ya kilima cha mawe. Mahali hasa nimeombwa nisipataje. Tulikuwa watu sita, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi. Afande aliyetusimamia alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na kwa saa nzima hatukuona risasi hata moja. Tuliona bastola tupu juu ya meza, na maswali. Mtu akikukabidhi bastola, jambo la kwanza ni lipi? Kutoa magazini, kuvuta nyuma, kutazama ndani ya chemba kwa macho, hata kama aliyekukabidhi ameapa kuwa ni tupu. Kidole kikae wapi? Nje, kimenyooka ubavuni mwa bastola, mpaka umeamua kupiga. Mtutu uelekee wapi? Pale ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitamkuta mtu.

Kisha akamgeukia mjomba. “Mzee, mwizi amechukua mkoba wako, anakimbia, amekupa mgongo. Unafanya nini?”

Mjomba hakusita. “Nampiga miguu.”

“Hapana, mzee. Aliyekupa mgongo hatishii tena uhai wako. Mkoba ni mkoba.” Alisema hivyo bila ukali, akaandika kitu katika karatasi yake. Nilimtazama mjomba. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyerudishwa katika yale mabua makavu.

Ikaja zamu ya kupiga. Shabaha ilikuwa umbali wa hatua kumi. Sitaficha kuwa nilijivuna: mzee alisimama imara, mikono miwili, risasi ya kwanza katikati, ya pili karibu nayo, ya tatu, ya nne. Bastola ina kishindo kikali kuliko tunavyodhani sisi tunaoisikia sinema tu. Kila mlio uligonga kilima ukaturudia. Alipobonyeza mara ya tano, pakasikika mlio mdogo mkavu, basi. Risasi haikutoka.

Mjomba akageuka kutuuliza kulikoni. Aligeuka na mwili wote, na bastola ikageuka naye, kidole kingali pale pale kwenye kifyatulio.

Kwa muda wa kupepesa jicho niliuona mtutu ukipita juu ya kifua changu. Ulikuwa tundu dogo, jeusi. Sikumbuki kuinama, lakini nilijikuta magoti yangu yamelowa umande. Afande alikuwa amekwisha kumshika kiwiko na kuurudisha mkono kule uliko kilima, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto asiingie barabarani. Baadaye alituonyesha risasi ile: haikuwa na baruti. Aliitia yeye mwenyewe katikati ya zile nzima, kwa kusudi, na magazini hakuijaza ila tano, ile ya bandia ikiwa ya mwisho. “Wengi wanajua kulenga,” alisema. “Mimi natazama wanafanya nini isipolia.”

Mjomba hakufaulu. Aliambiwa aendelee na mafunzo na arudi baada ya mwezi.

Njiani hakusema kitu mpaka tulipofika Ipogolo, ambapo tulisimama kunywa chai. Alikoroga sukari kwa muda mrefu. “Mpwa wangu,” alisema, “ningemweleza nini mama yako?” Sikuwa na jibu, nikamsogezea chapati.

Kesho yake tulikwenda Ismani kununua mahindi. Mkoba aliubeba kijana wake, tena haukuwa na noti nyingi, maana safari hii alikubaliana na wakulima kadhaa awatumie kwa simu. Na jioni, niliporudi kutoka kuoga, nilimkuta amesimama uani peke yake, ameshika gunzi la hindi kwa mikono miwili, amelielekeza ukutani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimenyooka ubavuni mwa gunzi. Alihesabu kimya kimya, akasita kama kwamba halikulia, akabaki anautazama ukuta bila kugeuka, hata mke wake alipomwita mara mbili kuwa chakula ki tayari.